Lipu ya ukuta imeporomoka juu ya mto wa kitandani, halafu naambiwa nilipe shuka!

KarafuuMbichi (mwanzisha uzi)

Shuka! Nilipe shuka!

Jamani wa Unguja na Pemba, na nyinyi wa bara mliomo humu, naandika vumbi la chokaa bado limo kwenye nyusi. Yule mwenye nyumba ya wageni, mnamjua, msinilazimishe kumtaja, yule anayetembea na rimoti za viyoyozi vyote mfukoni zinagongana kama njuga za ngoma, leo alfajiri kasimama mlangoni, kaliangalia bonge la lipu ukubwa wa sinia la biriani limekaa juu ya mto. Hakuuliza kichwa kilikuwa wapi. Kasema: "Bibie, shuka hili utalilipa. Elfu thelathini na tano."

Pole haikumtoka. Hata ile pole anayopewa mtu aliyejikwaa njiani na asiyejulikana ni nani.

Na hiyo si ajali. Ukuta ule ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, kama kuta zote za Mji Mkongwe, unene wake nusu mita na zaidi. Yeye kaupiga lipu ya saruji. Saruji! Na juu ya saruji rangi ya plastiki, ili ung'are kwenye picha za simu. Tumbawe linanyonya maji kama kaimati linavyonyonya shira. Lipu ikiwa ya chokaa, maji yanaingia na yanatoka, ukuta unapumua. Ikiwa ya saruji yanabanwa ndani pamoja na chumvi yake, chumvi inaganda nyuma ya lipu, punje zinakua, zinaisukuma mpaka inaachia. Na inatoa taarifa miezi kabla: rangi inafura kama mkate wa kumimina, ukiikwangua unatoka unga mweupe, ukipiga konzi panalia kama debe tupu.

Maji yenyewe yanatoka kiyoyozi cha chumba cha juu. Mpira wa kutolea maji kaukata pale pale juu ya dirisha, unamwagia ukuta usiku kucha, na kwa hewa yetu hii kiyoyozi kimoja kinajaza ndoo mpaka asubuhi. Mita nne za mpira zingeyafikisha mtaroni. Mita nne!

Na alijua, wallahi alijua. Pale palipofura kapatundikia kanga. Kanga yenyewe imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Saa tisa za usiku lipu na kanga vikashuka pamoja. Mtu hatundiki kanga juu ya uvimbe wa ukuta ila ameshauona uvimbe.

Halafu: "Bibie, shuka hili utalilipa."

Elfu thelathini na tano! Shuka lina viraka viwili na limefifia mpaka maua yake hayajulikani ni waridi au ni pweza.

MtuWaNgambo

Chumba cha elfu hamsini Mji Mkongwe, na ukuta nao unautaka?

KariakooDamu

Pole mkuu. Ila kama lipu imeangukia mto na wewe unaandika, maana yake hukuwa juu ya mto. Sasa shuka limechafukaje? Tupe mchoro.

Hao wenye rimoti mfukoni nawajua. Kiyoyozi ni bei ya ziada, na LUKU ikiisha usiku wanajifanya hawasikii hodi.

MtuWaNgambo

Huku hakuna LUKU, huku ni TUKUZA. Jifunzeni kwanza jina la umeme kabla ya kuulalamikia.

Fundi_Chokaa

Mwanzisha uzi kasema kweli kwenye saruji, ila kuna jambo kaliruka. Akimwita fundi kesho, ataziba shimo kwa saruji ile ile na itaanguka tena masika mengine, na kipande cha pili kitakuwa kikubwa kuliko cha kwanza.

Kwanza maji. Mpira wa kiyoyozi, mfereji wa paa, bomba la choo linalopita nje, kimoja katika hivyo kikiwa bado kinavuja usiguse ukuta. Halafu saruji ing'olewe mpaka jiwe lionekane, na usiishie pale palipoanguka, pita nusu mita nje ya alama ya unyevu kila upande. Chumvi ipigwe brashi kavu na unga ukusanywe utupwe. Ukiosha kwa maji umeirudisha ndani ya jiwe. Kisha ukuta uachwe wazi ukauke, na hapo ndipo wenye nyumba wanaposhindwa, kwa sababu kuta za unene ule zinataka miezi na chumba kinatakiwa wikiendi.

Kupiga upya ni chokaa iliyozimwa na kulowekwa vizuri, sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu. Mchanga wa shimo. Wa pwani una chumvi, utakuwa umerudi ulikotoka. Jiwe lirushiwe maji kwanza, maana tumbawe kavu litanyonya maji ya lipu na lipu itabaki unga. Kila mkono wa lipu usizidi sentimita moja na nusu, subiri wa kwanza ushike ndipo upige wa pili. Tundika magunia mabichi mbele yake siku kadhaa, jua lisiupate. Mwisho chokaa ya kupaka, basi. Rangi ya plastiki ukiipaka juu ya kazi hiyo umetupa pesa zote.

Saruji anaipendea kwamba leo kupiga, kesho kutwa kupaka rangi, Ijumaa mgeni ndani.

KarafuuMbichi

Ahsante fundi. Na shuka analilipa nani?

MzeeWaBaraza

Mnahangaika na lipu. Lipu ni ngozi. Tazameni dari.

Nyumba hizi zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti nzuri inavuka mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu. Mjenzi wa zamani hakuweka choo juu ya boriti hizo katika kila chumba. Wa leo anaweka. Nyumba iliyokuwa na bafu moja chini sasa ina mabafu sita, vigae vimebandikwa juu ya sakafu ya chokaa bila kitu cha kuzuia maji, yanapenya kwenye viungo vya vigae na kukusanyika pale ncha ya boriti inapoingia ukutani. Ncha ndiyo inayooza, katikati inabaki nzima, na mtu anatazama katikati anasema boriti ni imara. Chukua bisibisi, choma ncha pale inapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, shuka chini na mzigo wako.

Beit al-Ajaib, lile jumba la maajabu la pale Forodhani, ilijengwa 1883, na Desemba 25, 2020 upande wake wa mbele ukaporomoka mchana, mafundi wamo ndani. Jengo lile lina nguzo za chuma. Hizi zetu zina mikoko na maji ya mabafu sita.

Mji umo katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kugusa jengo kunataka kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Bafu linaongezwa usiku.

KariakooDamu

Mzee umenitisha. Nimelipia vyumba viwili Krismasi.

MtuWaNgambo

Nenda na bisibisi.

Asumini_77

Mimi lipu na boriti nawaachia nyinyi. Kero ya kweli ya nyumba hizo ni bafu la ghorofa ya juu, na watu wanalipia zaidi ati kuna mandhari.

Tangi liko juu ya paa, mita moja na nusu kutoka kichwa cha shawa. Maji yanashuka kwa uzito wake, na mita moja na nusu si uzito, ni machozi. Ile hita ndogo inayofungwa kwenye shawa ina swichi ndani inayosukumwa na nguvu ya maji, sasa maji yakiwa machozi hita haiwaki. Anakuja kijana wa mapokezi, anasema hita mbovu, anafunga mpya, nayo haiwaki. Hita haina kosa! Ama tangi linyanyuliwe, ama iwekwe pampu ndogo kati ya tangi na shawa. Mwenye akili anachukua ghorofa ya kwanza, maji yanamwagika kama ya Mungu.

Na inapowaka ndipo pa kuogopa. Hita hizo zinakula kilowati 3.5 mpaka zaidi ya 5, zimeungwa kwenye waya wa taa. Hiyo kazi inataka waya wa milimita 4 au 6 peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, na waya wa ethi ufike kweli ardhini. Ukigusa bomba ukahisi vidole vinawashwa, toka humo bafuni usirudi. Maji nayo mengine ni ya kisima, yana chumvi, koili inaliwa upesi.

KarafuuMbichi

Bafu langu pia halikuwa na maji, sikulitaja kwa sababu maji sikudaiwa. NIMEDAIWA SHUKA. Lipu ya kwake, ukuta wa kwake, kanga ya kwake, halafu shuka ndilo linalotafutiwa mkosaji!

MamaChandarua

Bibie shuka utaoshewa. Tuzungumze chandarua.

Kitanda ni samadari, futi sita kwa sita, nguzo nne zimesimama. Nguzo zile hazikuwekwa kwa pambo, zinangoja chandarua cha pembe nne. Wanaleta cha duara cha kitanda kimoja, wanakifunga darini kwa uzi, kinashuka kama kofia kwenye tikiti. Ukikivuta upande wa kulia, kushoto kunafunguka. Ukikichomeka chini ya godoro kinakukaa begani, na mbu anakuuma kwa nje huku umemfungia mlango. Nyavu lazima ziwe mbali na ngozi! Kipimo ni rahisi: kiwe kinafika sakafuni bado kimelegea, ndipo ukichomeke. Tundu likiwepo, fundo la uzi linatosha, usibandike plasta, haikai usiku mmoja.

KariakooDamu

Kunguni je? Mbona hamsemi?

MamaChandarua

Samadari ya kuchonga ni mji wa kunguni, kila ua lina mlango. Inua godoro, tazama pembe na mishono kwa tochi ya simu. Vitone vyeusi kama wino uliodondoka, hao wapo. Begi usiliweke kitandani wala sakafuni, litundike. Na mtu akipuliza dawa juu ya shuka tu amepoteza pumzi, wao wako kwenye viungo vya mbao na nyuma ya ubao wa kichwani.

MchukuziMalindi

Nyote mnalalamikia ndani ya nyumba. Nani anazungumzia kufika?

Gari haliingii vichochoroni. Mwenye nyumba anamwambia mgeni "dakika tano kutoka bandarini". Dakika tano bila sanduku! Ukiwa na masanduku manne na gari la mkono ni nusu saa, maana njia ya mkato ina ngazi na lazima uzunguke. Mgeni analipa hamali elfu tano anaona ameibiwa, na pale mlangoni amesimama papasi, dalali wa wageni, aliyetembea mikono mitupu mbele yake, naye anapewa kamisheni na mwenye nyumba. Hiyo kamisheni mnadhani inatoka wapi? Imo kwenye bei ya chumba. Pigeni simu wenyewe, mseme bandarini mtapokewa na mtu wa nyumba, na mtajiwe jina lake. Papasi atakufuata tu, ukifika naye mlangoni atasema kakuleta yeye.

KariakooDamu

Kweli kabisa, wale wanakushika kabla hujashuka kwenye boti. Wanakwambia nyumba unayoiendea imejaa, au imefungwa.

VespaNyekundu

Hao wa magari ya mkono ndio wanaofunga njia. Kichochoro kizima kimezibwa na masanduku, watu wanawahi kazini, unapiga honi mpaka betri inalia.

MchukuziMalindi

Honi! Unapiga honi dirishani kwa watu alfajiri, halafu unalalamika wewe?

MzeeWaBaraza

Na zile vespa zinagonga pembe za mabaraza, chokaa inatoka kila siku.

KarafuuMbichi

Kanitumia ujumbe sasa hivi. Anasema nikitoa uzi huu atanipunguzia, nilipe elfu ishirini. SHUKA! Bado anataka shuka!

VespaNyekundu

Vespa inapita popote, tatizo ni nyinyi kusimama katikati mnapumzika.

MchukuziMalindi

Kichochoro kina mita moja na robo. Vespa sentimita sabini, gari langu sabini na tano. Piga hesabu halafu urudi nyuma, mimi ndiye mwenye mzigo.