Wakuu, mahubiri yanaingia sikio hili yanatokea lile. Nifanyeje?

Kipepeo77 (mleta uzi): Wakuu heshima zenu. Nina jambo naona aibu kuwauliza wanaonijua. Kila ibada nakaa mstari wa mbele, Biblia mapajani, macho kwa mhubiri, lakini haliingii kitu. Mtu akiniuliza somo lilikuwa nini, nababaisha. Zamani sikuwa hivi. Daftari nimejaribu, naishia kuchora maua. Mwenye mbinu ya kusikiliza mpaka neno likabaki anisaidie, nimechoka kuitikia "amina" kwa mazoea.

Kalamu Nyekundu: Wengi wanaandika kila neno kama karani wa mahakama, sikio linabaki kuutumikia mkono. Mimi naandika vitu 3 tu: andiko lililosomwa, sentensi moja ambayo mhubiri mwenyewe angekubali kwamba ndiyo hoja yake, na jambo moja la kutenda kabla wiki haijaisha. Kisha nyumbani nalifungua tena lile andiko. Watu wa Beroya (Matendo 17:11) walilipokea neno kwa moyo, na bado wakayachunguza maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo. Aliyewahubiria ni Paulo, si mtu wa hivi hivi.

Benchi la Nyuma: Paulo huyo huyo alivuta maneno mpaka usiku wa manane, Eutiko akasinzia dirishani akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Kama shida yako ni usingizi, kaa mbali na dirisha.

Mtenda Neno: Yakobo 1:22, iweni watendaji wa neno, wala si wasikiaji tu. Mtu wa maombi hawezi kuuliza swali hili. Funga siku 3 kwanza.

Mama Wawili: Mtenda, punguza. Mimi nilipokuwa na kichanga, karibu miaka 2 nilisikiliza mahubiri nje, mtoto mgongoni. Naokota sentensi moja mlango ukifunguliwa, naitafuna wiki nzima. Nyingine nazikumbuka mpaka leo. Sasa wanangu wamekua, nakaa ndani nasikia yote, sibaki na lolote. Sijui ni nini.

Kalamu Nyekundu: Mleta uzi, umesema zamani hukuwa hivi. Mhubiri amebadilika?

Kipepeo77: Ni yule yule, na anahubiri vizuri sana. Shida ni yangu.

Kalamu Nyekundu: Unamfahamu nje ya mimbari?

Kipepeo77: Kiasi.

Benchi la Nyuma: Hiyo "kiasi" ina mfupa ndani. Utoe.

Kipepeo77: Haya. Ni mume wangu. Juzi kahubiri upole, kanisa zima linafuta machozi. Nyumbani ilikuwa siku ya 9 hatusemeshani, maneno yanapitia kwa mtoto: "mwambie mama yako". Sasa akifungua Biblia sisikii andiko, nasikia "mwambie mama yako". Kabla hamjaanza: hanipigi, hana mchepuko, na hayo mahubiri anayaandaa kwa jasho, namwona. Halafu njia nimeshaipata. Navaa kilemba kikubwa, sikioni kuna kispika kidogo, namsikiliza mhubiri mwingine yeye akiwa anahubiri. Sioni kosa. Neno ni la Mungu yule yule.

Benchi la Nyuma: Na ukiitikia amina kabla ya wakati?

Kipepeo77: Imeshatokea. Alidhani nimeguswa.

Mtenda Neno: Tubu, dada.

Mpimaji: Wakuu, hii chai, stori ya kutunga. Nimepitia nyuzi zake za nyuma. Miezi 4 iliyopita ID hii iliomba mbinu za kumpata binti wa kwaya, ikaandika "sisi vijana wa kiume". Leo mke wa mchungaji?

Benchi la Nyuma: Nami nilishavuta kiti. Sukari ipo?

Kipepeo77: ID ni ya mdogo wangu. Ulitaka nifungue kwa jina langu nimtaje na mume?

Mpimaji: Kila chai ina mdogo wake.

Mama Wawili: Kispika kinaweza kutungwa. "Mwambie mama yako" haitungwi, mwulize aliyewahi kuisikia.

Kalamu Nyekundu: Iwe chai, bado yupo mtu anayaishi haya. Mathayo 23:3, Yesu anawasema waandishi na Mafarisayo: wanayowaambia myashike, ila msifuate matendo yao, maana hunena lakini hawatendi. Kwa hiyo unaweza kulipokea neno bila kujifanya hujui ya nyumbani. Zile siku 9 ni kesi nyingine, na wa kuisikiliza si sisi. Jumamosi mwombe andiko atakalohubiri. Lisome peke yako kwa sauti, uandike linasema nini kabla yeye hajasema. Akipanda mimbarini utakuwa na kitu cha kufuatilia zaidi ya sauti yake.

Kipepeo77: Kumwomba andiko ni kumsemesha.

Kalamu Nyekundu: Ndiyo.

Mpimaji: Mtume mtoto. "Mwambie baba yako."

Kipepeo77: Mpimaji, umenichekesha na sikutaka. Mdogo wangu anadai ID yake, naishia hapa. Andiko nitaona. Kispika sikitoi, ila Jumapili nitakivaa sikio la kushoto tu. La kulia nitaliacha wazi.