Banda la kuku Tongoni: nguzo zimeliwa na mchwa, na paa jipya niweke makuti au bati?

MamaKuku_Tga
Wakuu habari za humu, wakubwa shikamooni. Nina kieneo changu huku Tongoni njia ya Pangani, kama robo tatu ya eka hivi, kina minazi, mihogo kidogo na banda la kuku mita 4 kwa 6 ambalo fundi alinijengea kabla ya masika ya mwaka jana. Sasa banda linaegemea upande wa barabarani utasema limelewa. Nikachimbua pembeni ya nguzo moja, juu inaonekana nzima tena imenyooka, ila kuanzia usawa wa udongo kwenda chini ukisukuma kidole kinazama na vumbi la udongo linamwagika, ndani hamna kitu. Fundi alizipaka oili chafu kweli, harufu mpaka leo ipo, na simu yake siku hizi inaita mpaka inakata.

Nataka kulivua lote nijenge upya kabla ya vuli. Nguzo nifanyeje zisiliwe tena, maana huku mchwa ni balaa, na paa nirudishie makuti kama lilivyokuwa au nipige bati? Jirani ananiambia bati huku linaliwa na chumvi ya bahari halichukui muda. Jingine, kisima changu maji yana chumvichumvi, kwa hiyo maji ya kuku nanunua madumu kwa mwenye guta na inaniuma.

Fundi wa Pongwe
Dada pole. Oili chafu inakaa kwenye ganda la juu tu haiingii ndani ya mti, na pale chini udongo unailamba mvua mbili tatu imeisha, halafu mchwa haanzii ulipopaka, anaanzia kwenye kitako cha nguzo kule kilipokatwa ambako mafundi wengi hawapaki kabisa. Na ukimwaga oili nyingi karibu na kisima unajiharibia maji mwenyewe.

Dawa ya kweli ni nguzo isiguse udongo, basi. Chimba shimo futi mbili, mwaga zege la moja mbili nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) lipande juu ya ardhi kama shibiri moja, na kabla halijashika simamisha flatibaa (vyuma bapa) mbili katikati zikitazamana. Zege likikauka nguzo inakaa kati ya zile flatibaa unatoboa unapitisha bolti. Kichwa cha zege kilaze kidogo kwa pembeni maji yasituame kwenye kitako cha mti. Mchwa atapanda tu, usidanganyike, ila sasa itabidi ajenge njia yake ya udongo juu ya zege mchana kweupe na wewe unaiona, unachukua kisu unakwangua. Akiwa anapitia chini ya ardhi humuoni mpaka banda lilale.

Mchanga chukua wa mtoni. Ukiletewa wa baharini rudisha, ule chumvi yake inakula nondo na flatibaa kwa ndani zege linapasuka.

Mzee Mkwavi
Wajukuu zangu mnahangaika na mazege, sisi Kigombe tulijenga kwa boriti za mkoko na makuti ya viungo, nyumba inakaa mpaka watoto wanaoa humo humo. Mkoko mchwa hauwezi. Na makuti yakilazwa karibu karibu na paa likiwa kali hayavuji hata tone, ndani baridi, kuku wanataga. Bati saa saba mchana la kiangazi we ingia banda lenye bati la chini uone kama hutatoka unahema.

Kaa_la_Pwani
Shikamoo mzee, ya boriti kweli kabisa lakini hizo enzi zimepita, mikoko ni hifadhi na kukata bila kibali ni kesi, na akija mtu usiku kakubebea kwenye pikipiki hana karatasi jua unanunua kesi pamoja na mti. Dada kama unataka mti mgumu ulizia mtiki, Muheza pale kuna shamba la serikali la Longuza na mbao zake zinapatikana mjini kwa risiti. Ila macho yawe wazi, mtiki unaokataa mchwa ni ule moyo wa kahawia wa katikati. Vile vimti vyembamba wanavyouza pembeni ya barabara karibu vyote ni vyeupe, na ile nyama nyeupe mchwa anaila kama mti mwingine wowote, unakuwa umelipia jina. Angalia pale kilipokatwa, kama kahawia ni kiduara kidogo katikati achana nacho. Bora nguzo za mlingoti zilizotiwa dawa kiwandani kama za umeme, na usizikate upande unaokwenda chini, kata juu.

Bint_Ngamiani
Naona wote mnabishana baridi na joto na swali la dada lina maji ya chumvi ndani yake. Paa la makuti huvuni maji ya maana, yanashuka rangi ya chai na takataka. Hapo bati limeshashinda, maana milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lako ni mita 24 za mraba, mvua ya milimita 30, ambayo kwa masika ya Tanga wala si ya kushangaza, ni lita 720, toa zinazorukia nje na za kuoshea paa unabaki na kama 600. Kuku mia kwenye joto hili wanakunywa lita 20 mpaka 30 kwa siku. Mvua moja tu hiyo hesabu mwenyewe.

Kuhusu kutu jirani hajadanganya ila kaongea nusu. Usinunue geji 32 hata ukipewa bei ya kutupa, namba ikipanda bati linakuwa jepesi, chukua 28, na kama mfuko unaruhusu lile lenye mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, linastahimili upepo wa bahari kuliko bati la kawaida. Kutu inaanzia kwenye tundu za misumari na pale palipokatwa, kwa hiyo msumari wenye washa ya mpira, upigwe kwenye mgongo wa bati sio bondeni, na kingo zilizokatwa zipakwe rangi. Joto la mzee ni kweli, ndio maana paa liinuliwe, na chini ya bati tandaza makuti ya kumba juu ya fito, kuku hawatajua kuna bati.

MamaKuku_Tga
Jamani asanteni, mzee Mkwavi asante pia na makuti yako nitayatumia kwa chini kama alivyosema Bint. Nimekubali bati. Nguzo zilizotiwa dawa nimeulizia Chumbageni zipo, ngoja nitafute kirikuu. Tanki nina mpango wa lita 2,000, nilikuwa nataka nilipandishe juu ya stendi ya mbao ili maji yashuke yenyewe kwenye vinyweshea, inakubali?

Fundi wa Pongwe
Mbao usithubutu dada, lita 2,000 ni tani mbili, na stendi ya mbao ndio karamu nyingine ya mchwa. Jenga kwa tofali za saruji duara au mraba, ndani jaza kifusi ushindilie, juu mwaga zege la inchi nne. Futi mbili kwenda juu zinakutosha kabisa kwa kuku, wao hawaogi bombani. Gata, ule mfereji wa kukinga maji ya paa, ishuke sentimita moja kwa kila mita kuelekea tanki, na bomba la kwanza liwe na mfuniko wa kufungua chini ili maji ya mwanzo yenye vumbi na kinyesi cha kunguru yamwagike nje kwanza. Mdomo wa tanki weka neti ya mbu.

Kaa_la_Pwani
Nyongeza ndogo, ile waya ya kuku yenye matundu ya pembe sita iache, nguchiro anaichana. Weka weldimeshi (wavu wa waya ngumu zilizochomelewa) yenye matundu madogo na uizamishe ardhini futi moja kuzunguka banda. Upande mrefu wa banda uelekee mashariki kwenda magharibi jua lisiwapige kuku asubuhi na jioni, na ukuta wa kusini uupandishe kidogo, kusi ikianza kuvuma mvua inaingia ya ubavu.

MamaKuku_Tga
Weldimeshi ya nusu inchi au inchi moja? Maana hapa dukani wananiambia zote sawa.

Kaa_la_Pwani
Nusu inchi mita ya chini, maana vifaranga wanapenya kwenye inchi moja na panya na nyoka wanaingia. Juu malizia na ya inchi moja, bei yake ni nafuu zaidi.