Naomba ushauri: nyasi za bermuda, nizitayarishe vipi vuli hii nije kusawazisha uwanja majira ya kuchipua?

Habari zenu wapendwa. Uwanja wangu wa nyasi una mabonde mabonde: mashine ya kukatia ikipita palipoinuka inakwangua hadi udongo, hatua mbili mbele inaacha nyasi ndefu. Nimepanga kumwaga mchanga wa kujazia mabonde majira ya kuchipua, nyasi zikishakolea kijani na kukua kwa kasi, tabaka lisizidi sentimita 1 hivi ili ncha za majani zibaki nje.

Swali langu ni la sasa. Mbolea ya naitrojeni nimeshasimamisha, maana machipukizi laini huungua na baridi. Kila mvua ikikatika nachomeka vijiti vya alama pale maji yanapotuama. Kinachoniumiza kichwa ni magugu ya kipupwe: nikipiga dawa ya kuzuia mbegu zisiote, je, mizizi ya nyasi itachelewa kushika kwenye mchanga mpya? Na kutoboa udongo ulioshindiliwa? Mimi naona nisubiri, kwani nyasi zikishalala (zikiacha kukua kwa baridi) haziwezi kuziba matundu.

Jirani ananihimiza nizikate hadi chini kabisa kabla ya baridi. Hilo naliogopa sana. Aliyewahi kusawazisha anisaidie tafadhali, hasa kuhusu hiyo dawa.