Ubao wa siagi na hili joto la Kisumu, mwenye ameshafanya anisaidie

Nyota_Mamboleo:
Habari zenu wapendwa. Jumamosi ya wiki ijayo chama kinakuja kwangu hapa Mamboleo, tuko wamama 14 na mama mkwe wangu pia atakuwepo maana anakuja kututembelea kutoka Siaya, na ni mara yangu ya kwanza kukaribisha watu tangu tuhamie hii nyumba kwa hivyo nataka siku itoke vizuri. Chakula cha kushiba kimepangwa tayari, kuna samaki, kuku, osuga (mnavu) na ugali, hiyo hainipi wasiwasi. Kitu kinanisumbua ni ile saa moja ya kwanza, watu wanaingia mmoja mmoja, mwenyekiti bado yuko njiani, wengine wametoka mbali na njaa iko, na wewe huwezi kupakua.

Sasa nimeona hii kitu inaitwa butter board, mtu anapaka siagi moja kwa moja kwa ubao, anaichora mawimbi na mgongo wa kijiko, halafu juu anaweka asali, njugu, majani, kila mtu anachukua na kipande cha mkate. Inapendeza macho sana jamani. Lakini wale wote nimeona wakifanya wako Marekani na nyumba zao za baridi, na mimi sebule yangu saa tisa mchana hata pazia ukigusa lina joto. Siagi si itakuwa mafuta tu? Na naweza kutumia ile ya kopo ya kupaka mkate ndio nipunguze gharama? Ubao niko nao, mpya kabisa, fundi alinitengenezea mwezi uliopita na unang'aa.

Halafu swali la mwisho, nalo ndilo linaninyima usingizi. Mama ni mtu wa zamani, anaheshimu chakula sana. Ataona aje mafuta yamepakwa kwa mbao na watu wanaguzaguza?

ShangaziWaKiamunyi:
Nyota, mimi nimefanya hii kitu mara nne, tatu Nakuru na moja huko kwenu, na ya huko kwenu ndio nitakuambia kwanza kwa sababu ilinifunza.

Ilikuwa Februari, kwa dada yangu huko Kisumu, tukaweka ubao nje chini ya mwembe saa saba mchana. Nilikuwa nimezoea ya Nakuru, hapa tuko juu kama mita 1,850, Julai ukiacha siagi kwa meza asubuhi mchana bado iko tu. Kisumu mko kama mita 1,130 na joto la mchana linapiga nyuzi 29, 30 kawaida. Siagi huanza kulegea mapema sana na ikifika nyuzi 32 mpaka 35 inayeyuka yote. Basi ile asali ndiyo ilianza kusonga, ikabeba njugu mojamoja mpaka pembeni ya ubao, halafu ile michoro ya kijiko ikalala, na katikati kukatokea kidimbwi cha njano kinametameta. Haikumaliza nusu saa. Kitambaa cha meza cha dada yangu kilibaki na alama mpaka leo, na niliumia kwa sababu alikuwa ameletewa zawadi.

Kwa hivyo sikiza. Usitumie ya kopo. Hiyo ni majarini, ni mafuta ya mimea, ilitengenezwa ikae laini, ukiipaka na kuichora haishiki umbo na kwa mdomo inabaki kama mafuta. Ukienda supamaketi geuza paketi usome nyuma, siagi halisi imeandikwa krimu ya maziwa, pengine na chumvi, basi. Kwa watu 15 chukua nusu kilo, yaani paketi mbili za gramu 250. Inaonekana kidogo lakini kumbuka kuna samaki anakuja.

Itoe kwa friji asubuhi ilegee kiasi cha kidole kuingia, usiiweke kwa jua wala maikrowevu. Ipige na mashine ya keki au hata mwiko mpaka iwe nyeupenyeupe na nyepesi, hiyo ndiyo inafanya ipakike bila kupasua mkate. Kama ni ya chumvi usiongeze chumvi ndani, nyunyiza kidogo tu juu mwishoni.

Na sasa lile kubwa kabisa, usipake yote mara moja. Gawanya mara tatu kwa vyombo vidogo. Kimoja mezani, viwili friji. Cha kwanza kikianza kulegea kinatoka, cha pili kinaingia, wageni wanaona kitu kipya kila mara na wewe hupotezi chochote.

FundiMbao_Kondele:
Hapo kwa ubao unang'aa ndipo nimesimama. Dada, kama unang'aa umepakwa vanishi, na hiyo vanishi ya fanicha si ya kuwekea chakula, hasa kitu cha mafuta kama siagi ambacho kinavuta harufu haraka sana. Nusa karibu, kama bado unasikia harufu ya rangi usitumie kabisa. Ukitaka lazima, tandika karatasi ya kuokea juu yake kwanza ndio upake. Ubao wa chakula tunauacha mtupu, tunaupiga msasa vizuri halafu mafuta ya kupikia yasiyo na harufu kidogo tu, tena mbao ngumu. Saiprasi hapana, ina utomvu na ladha yake inaingia kwa chakula.

JikoLaDunga:
Mimi napika kazi yangu, niongeze moja kwa ya Shangazi. Watu wanasema weka barafu chini ya ubao. Haisaidii sana, mbao haipitishi baridi, barafu itayeyuka huko chini na siagi huku juu inaendelea na safari yake. Kwa joto letu achana na mbao. Chukua sinia ya stenlesi au sahani bapa nzito, iweke friji usiku mzima, halafu wakati wa kuandaa iketi juu ya sinia ingine kubwa yenye barafu iliyovunjwa, pembeni ficha na majani ya ndizi yaliyooshwa. Kwa macho inapendeza hata kuliko mbao, na siagi inakaa.

Asali weka dakika ya mwisho mezani, si jikoni, kwa sababu juu ya kitu baridi inaganda na kuvuta nyuzi. Tafuta asali ya Baringo kama unaweza, ni nzito na ina moshi kidogo.

Juu yake usilazimishe vitu vya kwa simu. Fanya sehemu mbili. Moja tamu, asali, njugu karanga za kukaanga zilizopondwapondwa nusunusu, simsim na maganda ya ndimu yaliyokwaruzwa kwa greta, ile rangi ya juu tu, ile nyeupe ni chungu. Ya pili ya chumvi, na hapa niamini, omena. Chagua omena kavu safi, toa vichwa, osha na maji moto, kausha kabisa, kaanga mpaka ivunjike kwa vidole kama chipsi, ponda, nyunyiza na pilipili nyekundu iliyokatwa ndogo, dania na ndimu. Wazungu wanafanya siagi na samaki wao wadogo wa chumvi miaka yote, na sisi samaki wetu yuko hapa ziwani. Nyunyiza wakati watu wameshaketi maana ikikaa inanywa unyevu na kulegea.

Kitu kingine, maua. Usinunue waridi za duka uweke juu ya chakula, zile za shamba zimepigwa dawa. Weka maua ya dania au kitawi cha rozimeri cha nyumbani.

Mwalimu_Section58:
Samahani lakini mimi naunga mkono mama mkwe hata kabla hajasema. Watu 15 wanachovya chombo kimoja, mwingine ameuma mkate amerudisha. Hapana.

ShangaziWaKiamunyi:
@Mwalimu_Section58 hilo ni swali la haki kabisa na ndiyo maana kwangu hakuna kuchovya. Unaweka visu vidogo vitatu vya kupakia kwa kila chombo na sahani ndogo kwa kila mtu, mtu anakwangua chake anapeleka kwa sahani yake. Hata wazo lenyewe lilipovuma Septemba 2022, wakati Justine Doiron aliweka video TikTok na kusema alilipata kwa mpishi Joshua McFadden, watu wengi waliuliza hilihili. Na maji ya kunawa yatakuwepo hapo mlangoni kama kawaida yetu, birika na beseni, watu wananawa kabla ya kuketi.

MkulimaWaShinyalu:
Nyota nataka kujibu lile la mama yako mkwe kwa sababu naona wengine wamelipita.

Shosho yangu hapa Kakamega alikuwa na kibuyu chake cha maziwa kimefungwa kamba ya katani juu ya mlango wa jikoni. Maziwa yakiganda alikaa kwa kigoda akakitingisha juu ya mapaja, mbele nyuma, mbele nyuma, anaongea na watu hivyohivyo, na sauti ikibadilika kutoka chwaa chwaa ikawa ya kitu kizito kinagonga, ananyamaza anasikiliza. Hapo siagi imeshika. Alikuwa anaitoa kwa mkono, anaiosha na maji ya kisima mpaka maji yatoke safi kabisa, na kile cha kwanza kabisa alikipaka kwa kiazi kitamu cha moto akampa mgeni. Mgeni, si sisi. Huyo mama kutoka Siaya usidhani siagi mezani ni ugeni kwake, amekula aliya, ile nyama ya kukaushwa, na samli ya ng'ombe kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Kitakachomkera ni uharibifu, na kitakachomkera ni mkate peke yake. Kwa hivyo weka vitu vya kushika siagi ambavyo anavijua, kiazi kitamu kilichochemshwa kikakatwa mviringo, nduma, chapati iliyokatwa pembetatu, halafu hiyo skonzi na tosti yenu pembeni. Kiazi kiwe vuguvugu tu, kikiwa moto sana siagi inakimbia.

Na ungekuwa na wiki mbili ningekuambia tengeneza mwenyewe. Sisi tunaengua krimu ya maziwa ya usiku, tunatingisha kwa chupa yenye mdomo mpana ikiwa baridi, kama dakika 20. Lakini maziwa ni mengi, hata ukiengua vizuri robo kilo inakula lita 5 au 6 na mara nyingi zaidi. Nunua tu.

Nyota_Mamboleo:
Jamani nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. Mkulima hiyo ya shosho nimemsomea bwanangu kwa sauti, akaniambia mama yake pia alikuwa na kibuyu.

Ubao nimenusa, harufu iko, nimeuweka kando. Nitatumia sinia. Sasa mawili ya mwisho. Nilitaka kuchanganya kitunguu saumu ndani, naweza kufanya Alhamisi? Na stima ikipotea kama kawaida ya Jumamosi?

JikoLaDunga:
Kitunguu saumu usifanye mapema. Kibichi kikikaa ndani ya mafuta bila baridi ya kutosha kinaweza kuotesha sumu ambayo hauioni wala hauinusi. Kioke au kikaange asubuhi hiyohiyo, changanya, kiliwe siku hiyo, na kilichobaki mezani kisirudi friji. Kwa jumla chombo chochote kikimaliza masaa mawili nje kitoe, kwa joto letu hata mapema.

Stima, nunua barafu mifuko miwili asubuhi uweke kwa lile boksi la kuhifadhi baridi, la soda, sinia zako zikae humo ndani zikiwa zimefunikwa na nailoni. Hata stima ikienda saa nne asubuhi hautajua.

Na uliza wamama mapema nani hali njugu. Kama kuna mtoto hajafika mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo.

Nyota_Mamboleo:
Nimerudi kuwapa ripoti, ilikuwa jana.

Stima ilienda saa sita na nusu. Barafu iliniokoa, sinia zote tatu zilikuwa ndani ya boksi. Nilitoa ya kwanza saa tisa na dakika kumi watu wakiwa sita, nikaweka asali mbele yao, na wote walinyamaza kuangalia ile asali ikishuka kwa mistari ya kijiko. Ilikaa dakika 40 ndio ikaanza kung'aa pembeni nikaibadilisha.

Ya omena ndiyo iliisha kabisa, hata ile ya tatu nilikuwa nimepanga iwe tamu ikabidi niifanye ya omena. Mkate ulibaki mwingi, viazi vitamu havikubaki.

Mama alikaa muda bila kugusa. Akaangalia, akauliza, hii ni siagi ya ng'ombe ama ile ingine? Nikamwambia ya ng'ombe mama. Akachukua kipande cha kiazi, akapaka kidogo, akala polepole. Halafu akaniita jikoni nikadhani kuna shida. Alitaka kujua ile imebaki kwa mwiko na kwa bakuli nimepeleka wapi. Tukaikwangua pamoja, ilikuwa safi haijafika mezani, akawasha jiko la gesi akaichemsha kwa sufuria ndogo mpaka ikaacha kutoa povu na ile harufu ya njugu ikatoka, akaichuja, ikajaza nusu kikombe cha samli. Akamwagia osuga ya jioni. Wamama wanne wameniuliza aliifanyaje na nimewaambia wamuulize mwenyewe, bado yuko hapa mpaka Jumatano.