Mbwa wa jirani kanihamisha njia ya msikitini. Tupeane uzoefu

Mleta uzi (Kange)

Wakuu, salaam. Mie nakaa Kange, hapa Tanga, kule kwenye viwanja vipya ambako nusu ya nyumba zina uzio na nusu bado ni matofali yaliyopangwa tu. Jirani yangu wa nyumba ya tatu ana mbwa, dume la kahawia, kichwa kikubwa, jina lake Simba. Ndiyo, Simba, kama nusu ya mbwa wa mji huu. Mchana hana shida, kafungwa chini ya mwembe. Ikifika saa nne usiku wanamfungua alinde nyumba, na uzio wenyewe ni michongoma iliyoachana. Basi analinda mtaa mzima bila kuombwa.

Wiki mbili nyuma natoka alfajiri, tochi ya simu mkononi. Nilisikia kucha kwenye changarawe kabla sijamwona. Hakubweka, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikuja kimyakimya, kichwa chini, mkia umekakamaa, manyoya ya mgongoni yamesimama toka shingoni hadi kiunoni. Nikainama kama naokota jiwe. Mbwa wetu wa mtaani ukiinama tu keshatimka. Huyu akasimama, akanitazama. Nikarudi kinyumenyume mpaka kibarazani kwa mama mmoja muuza maandazi aliyekuwa anakoleza moto, akamrushia ukuni, ndipo akaondoka. Mama ndiye aliyenionyesha kwamba kanzu nimeikunja hadi magotini.

Tangu siku hiyo nazungukia barabara ya lami, dakika kumi zaidi. Mwenye mbwa nimemwendea kistaarabu. Jibu lake: "Shehe, huyo hana neno, anacheza tu."

Aliyewahi kupita hapa atuambie alimalizaje bila kugombana na jirani. Habari za sumu sitaki.

Baiskeli ya Mkopo

Pole shehe. Tanga hii ya baiskeli, sisi ndio tunaozijua mbwa. Mie nilikuwa napeleka maziwa Nguvumali, kuna mmoja alikuwa ananisubiri kona ileile kila siku kama mtoza ushuru. Mwanzoni nilikuwa nakanyaga mbio. Kosa. Ukikimbia anaona mchezo umeanza, analenga kisigino. Siku moja nimeinua miguu yote miwili juu ya usukani, nikaenda kulala mtaroni na lita zangu kumi na tano.

Mzee mmoja fundi baiskeli akanifundisha: shuka, baiskeli iwe kati yako na mbwa, tembea taratibu, usimkodolee macho wala usimpe mgongo. Nikafanya hivyo siku nne, tano. Siku ya sita hakunyanyuka hata kichwa. Lakini yule alikuwa mbwa wa kelele. Huyo wako wa kimyakimya simwelewi.

Mama Wawili

Mimi wangu aliuma, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo, mnisamehe.

Makorora, mwaka juzi. Mwanangu wa kwanza, miaka saba, katumwa chumvi. Mbwa wa jirani alikuwa na watoto nyuma ya choo, mtoto kapita karibu. Karudi analia, damu inachuruzika kwenye muundi, matundu mawili na mkwaruzo mrefu. Nyumbani yupo bibi yake, mtu wa chuo cha Kurani haswa. Akaagiza maji na udongo: mate ya mbwa ni najisi, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nikamwambia mama, hiyo ni twahara ya chombo na nguo, kidonda tusikitie udongo. Alinuna! Tukakubaliana hivi: mguu chini ya bomba, sabuni ya mche, maji yanatiririka, dakika kumi na tano nahesabu kwa saa ya ukutani. Mtoto anapiga kelele, jirani wamejaa mlangoni, mmoja kashika unga wa tumbaku, mwingine anataka nifunge kitambaa kwa nguvu. Nikawafukuza wote.

Zahanati ya kwanza tuliyofika chanjo ya kichaa cha mbwa haikuwepo. Nikapanda bodaboda saa hiyohiyo kwenda hospitali kubwa. Bibi alikuwa anaogopa zile sindano za kitovuni za zamani, lakini siku hizi wanachoma begani. Yake ilikuwa siku ya kwanza, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Ya mwisho nilishawishika kuiacha, kidonda kilishapona na nauli imekata. Nikaenda.

Mwenye mbwa alikuja na kilo mbili za sukari na machozi. Nikampokea. Nilichomwomba ni kimoja: asimuue yule mbwa, amfunge tumwone siku kumi. Hakufa, hakubadilika. Ndipo nikalala.

Mstaafu wa Mifugo

Mama Wawili kafanya kama inavyotakiwa, niongeze la kitaalamu kidogo. Ugonjwa unakaa kwenye mate. Ukiingia kidonda unapanda na mishipa ya fahamu kwenda ubongoni, na mara nyingi safari hiyo huchukua wiki kadhaa hadi miezi. Aliyeumwa usoni au kichwani njia yake ni fupi. Ndiyo maana mtu anapona kidonda, anasahau, halafu anaanza kuogopa maji. Hapo tena hakuna tabibu wa kumrudisha.

Siku kumi maana yake ni hii: mbwa aliyekuwa na ugonjwa kwenye mate wakati anauma, ndani ya muda huo atakuwa ameugua au amekufa. Mkimpiga rungu mkamfukia siku ileile, mmezika na jibu. Ila msisubiri siku kumi ndipo mwende hospitali. Mnakwenda leo, mbwa anaangaliwa huku chanjo inaendelea.

Tena msitafute povu. Nimeona mbwa wa kichaa aliyekuwa mpole kabisa, kajificha uvunguni, taya limelegea, sauti imekuwa kama ya mtu aliyepaliwa. Mwenye nyumba akadhani ana mfupa kooni, akaingiza mkono.

Kijana wa Raskazone

Kwetu geti limeandikwa MBWA MKALI mwaka wa sita huu. Mbwa hatuna. Endeleeni.

Mwenye Mbwa Wawili

Naona mnatushambulia. Mie niliibiwa mara mbili, mara ya pili hadi sufuria la wali likiwa motoni. Nikafuga. Lakini nakiri mwanzoni nilikosea kama huyo jirani wa Kange: kamba fupi kutwa, usiku unamwachia. Mbwa aliyefungwa kamba ya hatua mbili toka asubuhi, watoto wanamrushia mawe anawaona hawafikii, ukimfungua anatoka na hasira za mchana kutwa.

Fundi mmoja akanipa akili. Waya mnene toka mti hadi mti, unatia pete, mnyororo unaning'inia kwenye pete. Mbwa anakimbia toka ukumbini hadi chooni, geti halifikii. Na chanjo: anaanza akiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka. Kadi ninayo, jirani akiitaka namwonyesha. Shehe, muulize jirani yako kadi, usimuulize tabia. Kila mwenye mbwa atakwambia wake anacheza.

Tumbo Joto

Mnazunguka mno. Kipande cha nyama na dawa ya panya, mchezo umeisha.

Mama Wawili

@Tumbo Joto na paka wangu akiila? Na mtoto aliyeiokota? Halafu kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kumtesa mnyama ni kosa. Utakuwa wewe ndiye unayetafutwa na mwenye mbwa kakaa zake barazani.

Balozi Msaidizi

Mleta uzi, mara ya pili usiende peke yako. Nenda na balozi wa nyumba kumi na mtu mmoja wanayemheshimu, jioni, si asubuhi mtu akiwahi kazini. Semeni siku na saa. Akikaidi, peleka barua kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa mtendaji, na ubaki na nakala yenye muhuri. Mtu wa mifugo wa kata aitwe aje amwone mbwa. Mtaani kwetu ilipofika kwenye karatasi tu, mwenye mbwa alinunua mnyororo siku ileile, na barua haikuwa imesomwa bado.

Mleta uzi (Kange)

Narudi, wiki tatu zimepita. Nilikwenda na balozi na mama wa maandazi, maana naye ni shahidi. Jirani alianza na lile lile la kucheza. Mama akamwambia, "Baba, mie nimemaliza kuni zangu kwa mbwa wako." Akacheka, tukakaa. Kumbe kadi ya chanjo hana, mbwa kapewa mkubwa. Mtu wa mifugo alikuja Jumatano, sindano kachoma, Simba kalia kama mtoto. Waya umefungwa toka mwembe hadi mnazi, nusu ya gharama tumechanga sisi majirani wawili. Kuna aliyesema nimejidhalilisha kumchangia. Sawa.

Leo alfajiri nimerudi njia yangu. Pete ikakwaruza kwenye waya, nikasimama kidogo, nikaendelea. Mama wa maandazi kanipigia ukelele: shusha kanzu!