Kamati ya Kumuaga Mwalimu

Da Mkubwa 19:02
Habari za jioni ndugu zangu. Baba anatimiza 60 mwezi ujao, tarehe 14, anastaafu ualimu. Hayumo humu, mtu asiropoke tafadhali. Mchango elfu hamsini kila nyumba. Tumetoa mimi na Shemeji tu.

Da Mkubwa 19:40
Tiki za bluu naziona jamani.

Ba'Mdogo 19:44
Mbuzi au ng'ombe?

Mdogo wa Mwisho 19:45
😂😂 Ba'Mdogo kwa nyama hajambo

Shemeji 19:45
Mguu mmoja wake tayari

Da Mkubwa 19:51
Tusitoke kwenye mada. Risala nimeanza, someni: "Mwaka 2019 Bruda Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia wa Keriko, kijijini Nakuru, alitunukiwa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, dola milioni 1, kule Dubai. Shule yenye kompyuta moja, mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58, na asilimia 80 ya mshahara wake akiwapa wenye shida. Baba yetu naye kwa miaka 35..."

Kaka Tabora 21:15
Futa hapo. Bruda ni mtawa, hana mtoto wa kulisha. Alitoa chake. Kwetu yalitoka mabati ya nyumba yakageuka bureti na asidi za maabara ya shule. Mvua ya El Nino tumeimaliza chini ya turubai.

Da Mkubwa 21:16
Kaka, tena? Hilo tulilimaliza kwenye arobaini ya Babu.

Kaka Tabora 21:17
Mlilimaliza nyie.

Shemeji 21:30
Kaka, bureti hizo nimezishika mimi. Kabla yake tulikuwa tunachorewa ubaoni. Mwalimu haandiki kanuni hujagusa kitu. Alinining'inizia jiwe kwenye uzi wa mita moja, akasema hesabu. Kwenda na kurudi, sekunde 2. Nikafunga jiwe kubwa zaidi nikijua litawahi. Sekunde 2 zile zile. Namuuliza kwa nini, anasema "uulize uzi", huyo akatoka nje. Nilipoufupisha ndipo likaenda mbio. Usiku ule sikulala.

Mdogo wa Mwisho 21:38
Mimi alinichemshia rosela. Ukitia ndimu yanazidi wekundu, ukitia maji ya majivu yanageuka kijani. Mama alitafuta sufuria yake mpaka Idi 😂

Bibi (simu ya mjukuu) 22:06
Bibi kasema niandike hivi hivi: "Mabati niliyauza mimi. Ufunguo wa stoo ulikuwa kiunoni kwangu. Mwanangu alikataa siku mbili. Wasichana watatu wa darasani kwake walikuwa waingie mtihani wa vitendo hawajawahi kushika chombo hata kimoja. Mimi sikupelekwa shule hata siku moja. Kama ni deni, nidaini mimi, bado nipo."

Da Mkubwa 22:31
Shikamoo Bibi.

Ba'Mdogo 22:33
Shikamoo Mama.

Mdogo wa Mwisho 22:33
Shikamoo Bibi 🙏

Kaka Tabora 23:48
Shikamoo Bibi. Miaka yote hii nilikuwa namnunia Baba.
Da, ya Bruda iache. Ya mabati nitaandika mimi.

Da Mkubwa 06:10
Sawa, nitumie kabla ya Ijumaa. Sasa ukumbini au nyumbani? Na mchango bado ni wawili tu.

Ba'Mdogo 09:27
Nyumbani, Mama hawezi ngazi za ukumbini. Mbuzi ninaye, ila wa kumsafirisha nani?