Baba alifanya kazi yadi za meli Uingereza, sasa kaambiwa ana mesothelioma, kansa ya utando wa mapafu. Tuanzie wapi?

MwanaKibokoni:
Asalaam aleikum jamaa, naomba msaada kwa mwenye kujua. Mzee wangu ni mtu wa Mombasa, alikuja Uingereza na meli 1966 akashuka South Shields akabaki huko huko, mama akamfuata baadaye. Kuanzia 1968 mpaka 1981 alifanya kazi kwenye yadi za kutengeneza meli pale mto Tyne, alikuwa msaidizi wa mafundi wa kufunga mabomba ya mvuke na boila kwa asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi yasiyoungua, ili joto lisipotee. Ile ilikuwa unga, anasema, unamwaga kwenye ndoo unatia maji unakanda kwa mikono kama unga wa chapati halafu unapaka bomba, na vijana walikuwa wakifinyanga madonge wanarushiana wakati wa chai. Hakuna aliyewaambia kitu.

Sasa tangu Ramadhani akipanda ngazi anakaa katikati, sisi tukasema ni uzee maana ana miaka 79. Hospitali wakamtoa maji kifuani lita moja na nusu, nimeyaona kwa macho yangu, rangi kama chai ya mkandaa. Wakakata kinyama wakapima, juzi wametuita wakatuambia ni mesothelioma.

Maswali yangu, yadi zenyewe zilikuwa tatu na zote zilishafungwa zamani, je kuna wa kumdai? Amevuta sigara miaka mingi, hilo halitamharibia? Na mama ndiye aliyekuwa akifua ovaroli zake, kwanza anazikung'uta mlango wa nyuma ndio anazitia majini, je yeye? Na mzee mwenyewe anasema hii ni qadar ya Mungu, hataki kwenda mahakamani na mtu.

BintiPate:
Waaleikum salaam. Poleni sana kakangu, mimi ni nesi wodi ya kifua na hawa wazee nimewauguza wengi, wa yadi, wa vituo vya umeme, mafundi bomba. Kuhusu sigara toa wasiwasi. Sigara haileti mesothelioma. Sigara pamoja na asbesto huongeza sana hatari ya kansa ya mapafu yenyewe, lakini hii ya baba imeshika ule utando unaofunika mapafu na asili yake karibu kila mara ni asbesto. Nyuzi zake ni nyembamba mno, ukizivuta zinakwenda zikajichomeka huko ndani na mwili hauwezi kuziyeyusha, zinakaa miaka 20, 30, hata 50 ndio ugonjwa unajitokeza. Kwa hivyo mtu wa 1968 kuugua leo si ajabu, Uingereza bado wanakufa zaidi ya 2000 kila mwaka kwa vumbi la miaka ile.

Mama sasa. Kufua kule kunahesabika, tangu 1965 madaktari wa London walishaonyesha kuwa watu wa nyumbani wa wafanyakazi wa asbesto nao waliugua. Lakini wengi waliofua hawakupata kitu, usimtie hofu. Mpeleke kwa daktari wenu aandikwe kwenye faili kwamba alifua nguo zenye asbesto miaka fulani mpaka fulani, na siku akipata pumzi fupi au kikohozi kisichokwisha wasianze kumpa dawa za mafua, wampige picha ya kifua siku hiyo hiyo. Muulizeni pia daktari wa baba juu ya mrija wa kudumu wa kutoa maji nyumbani, unampunguzia safari za hospitali.

Mzee wa Forodhani:
Mwanangu, haya nimepita nayo na ndugu yangu wa tumbo moja kwa hivyo nisikilize. Yadi kufungwa si mwisho. Uingereza tangu 1972 kila mwajiri lazima awe na bima ya wafanyakazi, kampuni inakufa lakini bima iliyoilipia inabaki inadaiwa, na kuna ofisi maalumu ya kutafuta kampuni fulani ilikata bima wapi mwaka fulani. Ikikosekana kabisa, kuna mfuko uliowekwa kwa sheria ya 2014 kwa wenye mesothelioma waliogunduliwa kuanzia Julai 2012 ambao mwajiri wala bima haipatikani. Yadi kuwa tatu nako si tatizo, zamani kila mwajiri alikuwa akimsukumia mwenzake, kwamba nyuzi zilizomdhuru ni za kule si za kwangu, mpaka 2002 mahakama ya juu ikakataa hoja hiyo, na sheria ya 2006 ikasema hata mmoja peke yake anaweza kudaiwa fidia yote.

Miaka yenu ya kufungua kesi ni mitatu, inahesabiwa tangu alipojua ugonjwa, si tangu alipofanya kazi. Lakini usingoje hata wiki tatu. Leo jaza fomu ya pensheni ya walioumia kazini, ugonjwa huu wanauita D3, wanauharakisha na analipwa asilimia 100. Andikia mamlaka ya kodi wakupe orodha ya waajiri wake wote, wanayo kuanzia 1961. Mtafute wakili wa kesi za asbesto hasa, si wa nyumba na talaka, wengi wakishindwa kesi hawakudai ada. Mahakama Kuu ya London ina utaratibu wake wa kesi hizi na mgonjwa aliye hai hutangulizwa.

La muhimu kuliko yote, mkalishe mzee azungumze. Nani alikuwa msimamizi, meli gani, chumba gani cha mashine, vumbi lilikuwaje, nani alikuwa naye. Ndugu yangu tulichelewa, wakili alipofika alikuwa kwenye mofini, ile dawa kali ya maumivu, hawezi kumaliza sentensi, na ushahidi wote ulikuwa kichwani mwake.

Na hilo la qadar, mwambie kwa adabu, ugonjwa ni qadar lakini haki ya mtu kwa mtu ni dhima. Sheria za asbesto viwandani zilitungwa 1931, za yadi za meli 1960. Yeye anaanza 1968 wakubwa wanajua kitambo.

Jambo jingine gumu nalisema mapema. Siku Mungu atakapomchukua, kifo cha ugonjwa wa kazi huripotiwa kwa afisa wa serikali wa kuchunguza vifo, na kama mnataka azikwe Mombasa lazima huyo aruhusu mwili utoke. Kipimo cha kinyama kikiwa kwenye faili mara nyingi hawampasui, kwa hivyo nakala muwe nayo mkononi, sisi hatukujua tukakaa siku tisa bila kuzika.

FundiKilindini:
Nasoma huku nimeishiwa nguvu. Mimi nachomelea kwenye meli kuukuu hapa Mombasa na juzi tumebomoa ukuta wa chumba cha injini una kitu cheupe kama pamba ngumu, tumefagia kwa ufagio. Asbesto si imepigwa marufuku kwenye meli za sasa?

Mzee wa Forodhani:
Meli mpya ndio, tangu 2011 hairuhusiwi kufunga asbesto popote melini. Iliyofungwa zamani bado imo, kwenye gaskiti, mabreki ya winchi, kuta, mabomba. Kabla ya kubomoa mwombeni injinia mkuu orodha ya vitu vya hatari vilivyomo melini, kuna mkataba wa kimataifa ulioanza Juni 2025 unaoidai, ingawa meli za zamani zimepewa muda. Hana, simamisheni kazi wapime. Msifagie kikavu mwanangu, lowesheni kwanza, na ile barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Na nguo za kazi usizipeleke nyumbani kwa mkeo.

MwanaKibokoni:
Mungu awalipe. Fomu ya pensheni nimetuma. Jana baada ya isha nimekaa naye na simu inarekodi, nilidhani atakataa, kumbe amezungumza saa nzima na nusu, anapumzika anaendelea. Anasema jua likiingia kwenye kidirisha cha meli unaliona vumbi linang'aa kama theluji, wao wakiona linapendeza. Mama amekaa pembeni kimya, mwisho akasema, na mimi nilikuwa nikilifagia jikoni. Amenitajia wenzake watatu wa yadi ya pili, wawili wamefariki, wa tatu yupo Sunderland na bado ana nambari yake kwenye kile kidaftari cha zamani. Nampigia kesho asubuhi.